Vishikio vya Toa-Rudisha na Bunduki ya Mzee Nyoni

Kabla sijaondoka dukani, meneja aliniomba niandike karatasi moja ya kuelekeza jinsi ya kuchagua vishikio vya darubini kwa mteja mwenye bunduki ya bei nafuu. Niliiandika kwa Kiingereza, na sasa imebandikwa juu ya benchi ndani ya plastiki. Ina mistari kumi na miwili. Yote ni kweli, na mtu anaweza kuisoma yote na bado akaharibu bunduki ya mtu. Kwa hiyo hii ya pili naiandika kwa Kiswahili, kwa ajili yenu Salma na Deo mliobaki pale, na wengine wa kwetu watakaokuja. Ni ndefu. Isomeni wakati wa chakula, msiisome mkiwa na bisibisi mkononi.

Mimi ni wa kwanza kuzaliwa kati ya watoto watano. Baba na mama walifariki mmoja baada ya mwingine, tukiwa Korogwe, mimi nikiwa darasa la sita. Niliacha shule ili wadogo zangu wasiache. Fundi mmoja wa baiskeli na cherehani, jirani yetu, alinipa kazi ya kuchambua skrubu na kuzipanga kwenye makopo, na ndani ya miaka miwili nilikuwa nafungua cherehani nzima na kuirudisha bila kubaki na kipande mkononi. Wadogo zangu wamesoma wote wanne. Mimi nilisoma spoku na bobini. Silalamiki. Nawaambia nilikotoka kwa sababu kosa langu kubwa la kwanza pale dukani lilitoka kwa yule fundi, Mungu amrehemu, na la pili lilitoka kwenye malezi yangu mazuri.

Nilimfuata mume wangu Minnesota mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Tulipanga Richfield, karibu na uwanja wa ndege, mahali unapojifunza kusimamisha sentensi katikati na kuimalizia ndege ikishapita. Kazi niliipata upande wa pili kabisa wa mji, Coon Rapids, kwenye duka lile mnalolijua. Niliajiriwa kupanga ndoano za samaki kwenye rafu. Sikuwahi kufikiri kwamba binadamu anahitaji aina nyingi namna ile za ndoano, na bado sifikiri hivyo.

Siku moja mteja alirudisha kiringi cha kukunjia mshipi wa samaki, kimekwama. Karani alikitupa kwenye pipa la vitu vibovu. Nilikiomba, nikakaa nacho chumba cha mapumziko, nikakifungua kwa mkasi wangu wa kucha. Springi ndogo ilikuwa imeruka nje ya nafasi yake. Niliirudisha, nikazungusha, kikaimba. Nilipoinua macho, mlangoni alikuwa amesimama mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe, ameshika kikombe cha kahawa. Huyo alikuwa Arvid, fundi bunduki wa duka, ambaye hadi siku hiyo alikuwa hajawahi kuniambia neno.

"Nani alikufundisha?" aliuliza.

"Cherehani," nilijibu, maana Kiingereza changu kilikuwa kimeishia hapo.

Alitikisa kichwa kana kwamba nimemtajia chuo kikuu. Wiki iliyofuata nilihamishiwa kwenye benchi lake. Jina langu, Mwanaidi, lilimshinda, akaniita Ida, na baada ya mwezi duka zima likaniita Ida. Niliitikia jina hilo hadi siku ya mwisho.

Siku yangu ya kwanza kwenye benchi, Arvid alinipa bunduki, darubini ya zamani na pete mbili za chuma. Kwa wale ambao hawajaanza kazi: darubini ya bunduki haikai yenyewe. Juu ya bunduki inafungwa reli, juu ya reli zinakaa pete mbili, na pete ndizo zinazoishika darubini. Reli na pete kwa pamoja ndivyo vishikio. "Funga," aliniambia, akaenda zake. Nilifunga. Nilifunga kama nilivyofundishwa Korogwe, ambako baiskeli inabeba magunia mawili ya mahindi juu ya barabara ya mawe, na nati isiyokazwa mpaka mkono uume utaikuta njiani ukirudi. Nilikaza mpaka bisibisi ikalia.

Arvid alirudi, akafungua pete zangu, akaitoa darubini na kuibingirisha juu ya kipande cha kioo. Ilitembea ikirukaruka, kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Pete zilikuwa zimeibonyeza.

"Umeiua," alisema. Hakuwa na hasira. Ilikuwa taarifa tu.

Kisha akanionyesha bisibisi ile yenye kipimo, inayotoa mlio mdogo nguvu ikitosha, na akanifundisha kuishika kwa vidole viwili na gumba. Safisha skrubu kwa spiriti kwanza, maana mafuta yanakudanganya. Tone moja dogo la gundi ya skrubu kwenye reli, kamwe si kwenye pete. Kaza moja kidogo, nenda ya upande wa pili, rudi. Angalia mwanya kati ya nusu mbili za pete uwe sawa kulia na kushoto. Mambo haya mnayafanya kila siku na hamyafikirii tena, nami nafurahi hamyafikirii. Mimi nilihitaji miezi mitatu kuufundisha mkono wangu kwamba kukaza sana na kukaza vizuri ni vitu viwili. Nimefanya kazi na watu wengi wenye elimu, lakini sijaona mwingine aliyeweza kusikia skrubu kama Arvid. Alikuwa anasoma gazeti upande wa pili wa chumba, na akisikia bisibisi yangu anasema, bila kuinua kichwa, "Ya tatu. Rudia."

Sasa nije kwenye toa-rudisha. Jina hilo ni langu, Kiingereza wana lao refu. Ni vile vishikio vyenye kikono pembeni. Unafungua kikono kwa kidole gumba, darubini inatoka nzima na pete zake, na baadaye unairudisha pale pale bila bisibisi. Wawindaji wa hapa wanavitaka kwa sababu Novemba kule kaskazini theluji inajaa kwenye kioo, au mnyama anatokea karibu mno kwenye kichaka, na mtu anataka kutoa darubini na kutumia vilengeo vya chuma vilivyo kwenye bunduki yenyewe.

Swali la kwanza kwa mteja, kwa hiyo, siyo bei. Ni hili: bunduki yako ina vilengeo vya chuma? Bunduki nyingi za bei nafuu hazina. Ukitoa darubini unabaki na bomba. Mteja wa namna hiyo muuzie pete za kawaida za kudumu, atakushukuru, ingawa siku hiyo atakuona humjali. Kama vilengeo vipo, basi endelea. Anza na reli kabla ya pete, kwa maana lawama nyingi zinazopewa pete ni za reli iliyolegea chini yake. Reli iwe ya chuma. Halafu angalia pini, ile inayopita chini ya pete na kulala kwenye mfereji wa reli. Hiyo ndiyo inayozuia darubini kuteleza bunduki inapopiga teke. Pini ikicheza sana kwenye mfereji, kishikio hicho ni cha kufungia pazia. Angalia kikono: kiwe na nati ya kurekebisha, kwa sababu kikono kisichorekebishwa kitalegea msimu wa pili na hakuna la kufanya. Vikono viwekwe upande wa kushoto, mbali na mkono unaovuta komeo, kile chuma cha kuingizia risasi. Na pete ziwe fupi kadiri komeo litakavyoruhusu, shavu la mtu lipumzike kwenye mbao na siyo kuning'inia hewani.

Vya bei ya chini kabisa mviache. Vya bei ya juu mteja wetu haviwezi, na darubini yake haivistahili. Katikati pana vitu vya kiume, vya chuma, vizito kidogo, visivyo na urembo, vinavyofanya kazi ile ile. Arvid alivitafuta hivyo kwa mapenzi ambayo wengine wanayaweka kwenye farasi. Kila aina mpya ikija aliifunga kwenye kipande cha reli na kuilaza kwenye friza ya chumba cha mapumziko siku nzima, katikati ya vyakula vya watu, kisha anaitoa na kujaribu kikono kikiwa na baridi ya kaskazini. Mafuta mabaya yanaganda, kikono kinakataa kufunga, na wewe hungejua hilo ukiwa dukani penye joto. Dada wa kaunta ya mahema alilalamika kwa meneja kwamba amekuta chuma juu ya pitsa yake. Arvid alisema pitsa nayo ilikuwa imefaulu.

Na palikuwa na sheria yake moja ambayo ndiyo kiini cha haya yote. Mteja haondoki na toa-rudisha mpaka ameitoa na kuirudisha yeye mwenyewe, mbele yako, mara tano. Siyo wewe umwonyeshe. Yeye afanye, wewe utazame mkono wake. Maana kuna jambo moja dogo linaloharibu kila kitu: ukiirudisha darubini kwenye reli, lazima uisukume mbele, kuelekea mdomo wa bunduki, mpaka pini iguse ukuta wa mbele wa mfereji, ndipo ufunge kikono. Ukiivuta nyuma, au ukiiacha ikae popote, shabaha inahama. Kila mtu anaitikia ukimweleza. Mkono wake ndio unaokuambia kama amesikia.

Niliifuata sheria hiyo kwa kila mteja. Kwa mawakili na mafundi bomba, kwa kijana wa jeshi aliyenuna mara zote tano, kwa bibi mmoja wa Maplewood aliyefanya mara saba kwa kuwa alikuwa anafurahia. Niliikiuka mara moja tu.

Mzee Nyoni alikuja mwezi wa Septemba, na mwanawe Gaudensi, nesi kwenye hospitali moja ya upande wa Maplewood, anayeishi huku na familia yake. Mzee alikuwa amehamia kwa mwanawe mwaka uliotangulia. Alinisikia namjibu Gaudensi, akaja moja kwa moja kaunta.

"Huyu ni wa kwetu," alisema.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Wa wapi?"

"Korogwe, Mzee."

"Mtu wa Tanga anauza bunduki! Mimi nilidhani ninyi mnauza machungwa."

"Huku hayaoti, Mzee. Tumebadilisha."

Alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa askari wa wanyamapori kusini, Tunduru na kwingine, kwa miaka thelathini. Alitembea mbele ya bunduki mpya zote bila kusimama, akafika kwenye safu ya zilizotumika, akachukua moja ya kuvuta komeo, ya zamani, mbao zimechubuka, vilengeo vyake vya chuma vipo vyote. Alifungua komeo, akatazama ndani ya mtutu, kisha akaunusa kama mtu anavyonusa utosi wa mtoto. "Hii ilitunzwa na mtu," alisema. Arvid, ambaye hakuelewa neno, aliacha kazi yake na kumtazama. Baadaye aliniambia kwamba mzee yule alikuwa amechagua bunduki bora kuliko zote kwenye safu ile, na kwamba yeye angechagua hiyo hiyo.

Tatizo lilikuwa macho. "Kilengeo cha nyuma nakiona, cha mbele nakiona," alisema Mzee Nyoni. "Mnyama ndiye anachelewa kufika, akiwa mbali." Kwa hiyo darubini kwa mbali, vilengeo kwa karibu. Toa-rudisha hasa. Nilimchagulia vya katikati, vya chuma, nikavifunga kwa mkono wangu, na najua nilivifunga vizuri.

Kisha ikafika wakati wa sheria, nami sikuweza. Jaribuni kunielewa. Mbele yangu amesimama mtu wa umri wa baba yangu kama angeishi, aliyeshika bunduki kabla mimi sijazaliwa, na mwanawe yuko pembeni, na wateja wawili wanatazama. Nimwambie: Mzee, toa. Rudisha. Tena. Tena. Kama mtoto wa darasa la kwanza? Nilitoa mimi, nikarudisha mimi, mara moja, huku nikieleza kwa sauti ya chini ili isionekane namfundisha. "Unasukuma mbele kidogo, Mzee, unajua mwenyewe." Alisema, "Nimeona, mwanangu." Tukaagana kwa heshima zote. Jumamosi yake Gaudensi alimpeleka uwanja wa shabaha, na alirudi kunionyesha karatasi yenye matundu matatu yanayogusana. Niliibandika ukutani siku nzima.

Novemba, Jumatatu baada ya msimu kufunguliwa, Gaudensi aliingia na mfuko wa bunduki begani. Baba yake alibaki karibu na rafu ya viatu, na koti lake la rangi ya chungwa, akitazama viatu asivyovihitaji.

"Dada Mwanaidi," alisema Gaudensi, "mnanunua zilizotumika? Nataka kuiondoa hii nyumbani."

"Kuna nini?"

Alinieleza, haraka, kama nesi anayekabidhi zamu. Asubuhi ya kwanza kulungu alisimama wazi, hatua mia moja. Mzee alilenga vizuri, akapiga, mnyama akaruka na kuondoka. Walikuta manyoya na damu kidogo. Walimfuata siku nzima, na siku iliyofuata, kwenye theluji, mpaka nyayo zikaingia kwenye kinamasi na kupotea. "Siku mbili hajala," alisema. "Nimemwambia ukweli. Baba, macho yamekwisha. Hata gari nimemwambia basi, asiendeshe tena. Siwezi kuwa kazini nafikiria atagonga mtu."

Yule mzee alikuwa anasikia kila neno. Hakugeuka.

Niliichukua bunduki kuikagua, kama tunavyofanya kwa kila inayorudi. Nilifungua vikono, nikaitoa darubini, nikageuza reli kwenye taa. Kwenye mfereji palikuwa na mkwaruzo mpya, unaong'aa, urefu wa punje ya mchele. Pini ilikuwa imekaa nyuma, na bunduki ilipopiga teke imeteleza kwenda mbele. Nilijua mara moja ni mkono wa nani uliokosea, na haukuwa wa mzee.

Nilimpelekea Arvid bunduki, nikamwonyesha reli. Aliitazama kwa kioo chake cha kukuzia.

"Alifanya mara tano?" aliuliza.

"Hapana."

"Mara ngapi?"

"Hakufanya. Nilifanya mimi."

"Kwa nini?"

Nilimweleza kwa Kiingereza changu cha wakati ule, kwamba kwetu mtu mzima kama yule humwamrishi mbele ya watu, ni heshima. Arvid alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na tabia hiyo, alikusikiliza mpaka mwisho hata ukiwa unajitetea.

"Kwa hiyo," alisema, "kwenu mkimheshimu mtu, mnamwacha akosee?"

Jibu la swali hilo nalitafuta tangu siku hiyo. Nilirudi kaunta, nikapita kaunta yenyewe, nikaenda hadi kwenye rafu ya viatu.

"Mzee, naomba unifanyie jambo. Rudisha hii darubini kama ulivyorudisha kule porini."

Alinitazama, akaichukua. Aliiweka kwenye reli, akaivuta nyuma kuelekea jicho lake, taratibu, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo, akafunga vikono. Kumbe porini aliitoa asubuhi kufuta theluji, akairudisha hivyo hivyo. Mtu aliyezoea kuvuta kila kitu cha bunduki kuelekea begani kwake, angeivuta upande gani mwingine?

"Macho yako hayana kosa, Mzee," nilisema. "Kosa ni langu. Nilitakiwa kukufanyisha mara tano siku ile, nikaona haya."

"Uliona haya ya nini?"

"Kukufundisha."

Alinirudishia bunduki. Kisha akasema, "Mwanangu, mimi kufuata damu nilifundishwa na koplo niliyemzidi miaka kumi. Alikuwa ananipiga na fimbo kwenye kofia. Ungenifundisha tu."

Gaudensi hakuamini, na sikumlaumu. Alikuwa ameona damu kwenye theluji. "Dada, unamwonea huruma," alinong'ona. "Ukimpa moyo na akampiga mtu je?" Swali lake lilikuwa la haki. Nilimwambia maneno yangu asiyaamini, aamini karatasi. Alikuwa na off Alhamisi. Nami niliomba ruhusa, na Arvid hakuomba, alikuja tu.

Uwanja ule uko nje, kaskazini ya Coon Rapids, na siku hiyo upepo ulikuwa unakata masikio. Niliirudisha darubini mimi, nikaisukuma mbele. Mzee alipiga tatu. Gaudensi alitazama kwa darubini kubwa ya mezani, akasema kwa shingo upande, "Karibu karibu." Ungeweza kuyafunika matundu yote kwa kifuniko cha soda. Kisha nikamwomba Mzee aitoe na kuirudisha kwa namna yake ya porini. Alipiga tatu. Gaudensi alitazama, akafuta kioo, akatazama tena. Matundu yalikuwa yamehama, chini na kushoto, kiganja kizima.

"Sasa toa, Mzee," nilisema. "Rudisha. Sukuma mbele. Tena." Nilimfanyisha mara tano, kwa sauti ya kawaida, mbele ya mwanawe, mbele ya Arvid, mbele ya wazungu wawili wa meza ya pili walioacha kupiga ili watazame. Mkono wake mara ya pili ulikuwa umeshaelewa, lakini alimaliza zote tano bila kulalamika. Kisha akalala juu ya bunduki akapiga tatu nyingine, na zikaingia nyumba moja na zile za kwanza.

Gaudensi alikaa kwenye darubini ile muda mrefu kuliko inavyohitajika kuhesabu matundu. Alipoinuka alisema, "Baba, nisamehe. Nilisema vibaya."

"Ulisema ulichokiona," baba yake alijibu. "Kwa nesi ni vizuri."

Nilidhani yamekwisha. Nilimwambia Mzee Nyoni kwamba msimu bado una siku kumi, anaweza kurudi kaskazini Jumamosi. Alikuwa anafuta mtutu kwa kitambaa.

"Siendi," alisema. "Kwetu askari akijeruhi mnyama na kumpoteza, hapigi tena mwaka huo."

"Lakini Mzee, ilikuwa kishikio."

"Kishikio hakina kidole. Nilirudisha darubini, sikupiga hata risasi moja ya kujaribu. Nilijiona najua. Wewe hukunifundisha, na mimi sikupima. Tugawane."

Nilimtafsiria Arvid. Aliinuka kwenye benchi, akavua glavu, akampa mkono. Walisimama hivyo, wazee wawili wasioelewana lugha, wanaofanana kwa wingi wa makosa waliyoyaona. Tangu siku hiyo hakuna aliyetoka dukani kwangu na toa-rudisha bila mara tano, awe babu, awe padri, awe shehe. Nasema "Shikamoo" kwanza, halafu nasema "Toa." Na chini ya sheria ya Arvid niliongeza yangu moja: ukishairudisha ukiwa porini, piga risasi moja ya kujaribu, au usimpige mnyama.

Novemba iliyofuata simu ya kaunta ililia mchana, duka limejaa. Sauti ilikuwa ya Gaudensi, inakatika-katika kama simu za kule porini. "Dada, Baba anataka kukusalimu."

"Mwanangu!" Mzee Nyoni alipiga kelele, kwa imani yake kwamba simu ya mbali inahitaji sauti kubwa. "Kile kishikio chako ni kizuri sana!"

"Shikamoo, Mzee. Kimeshika shabaha?"

"Sijui! Theluji ilijaa kwenye kioo, nikaitoa darubini nikaitia mfukoni. Akatokea huyu bwana mkubwa, hatua arobaini. Nimempiga kwa vilengeo, kwa macho yangu haya haya. Ameanguka pale pale alipokuwa."

Kazi yote ile ya kuchagua reli na pini na kikono, na kishikio kilikuwa kimefanya kazi yake yote kwa kutoka.

"Na sasa, Mzee? Umeirudisha?"

"Gaudensi ndiye anairudisha. Bunduki haina risasi, usiwe na wasiwasi. Subiri kidogo, mwanangu, usikate." Nilisikia simu ikiwekwa juu ya kitu kigumu, halafu sauti yake kwa mbali, ya kawaida kabisa: "Hapana. Toa. Anza tena."

Nilibaki na simu sikioni. Mteja aliyekuwa mbele yangu aliniuliza kama kuna tatizo. Nilimwambia hakuna, kuna mtu anafundishwa, na kwamba bado zimebaki mara nne.